Kupiga foto ya treni pa Lubumbashi bila kujitafutia matata

Bantu benye kupenda treni beko mingi hapa kwetu kupita vile unawaza, na haishangaze, juu Lubumbashi na reli bilikomaa pamoja. Treni ya kwanza ilifika hapa mu 1910 kutokea upande wa kusini, mu inchi yenye leo inaitwa Zambia, na mpaka leo ofisi kubwa ya SNCC, kampuni ya reli ya Leta, iko paka hapa, haiko Kinshasa. Ukitoka hapa na reli unaweza shuka Sakania, ao unapanda Likasi, Tenke, Kamina, na pale Kamina njia inajigawanya, moya inaenda Ilebo, ingine inaenda Kabalo, ukifika Kabalo unachagula Kindu ao Kalemie. Kwa mutu wa aparei hii ni mali.

Sasa matata iko hii: unasimama pembeni ya barabara, treni inapita, unapiga foto tatu ine, wagoni ya mwisho haiyapita hata, mutu mwenye tenue eko mbele yako anauliza nani alikupatia ruhusa. Na pale kila mutu anatosha sheria yake mu kichwa, mulinzi iko na yake, wewe uko na yako yenye ulisoma mu intaneti, na yako mara mingi ni sheria ya Marekani.

Tuanze na ile ya Marekani juu njo inadanganya bantu. Kule, ukisimama ku barabara ya bantu wote unaweza piga foto ya kila kitu yenye macho inaona, treni, gare, hata polisi mwenyewe, juu Katiba yao inalinda uhuru wa kusema na wa habari, na mu 2011 tribinali ya rufaa ya Boston ilisema wazi kama kufilme polisi mu kazi yake mbele ya bantu ni haki. Muzuri. Lakini kulekule, mu mwezi wa 12 ya 2008, gare ya Penn Station mu New York, polisi ya Amtrak ilikamata mutu alikuwa anapiga foto ya treni juu ya mashindano ya foto, na mashindano yenyewe ilikuwa ya Amtrak! Na wakubwa ba metro ya New York balitaka kukataza foto kabisa mu 2004, bantu bakakatala, mwaka uliofwata bakaachilia. Kama kule kwenye sheria iko wazi bantu banakamatwa, weye hapa usiende kusema na mulinzi "ni haki yangu" kwa Kingereza ya YouTube. Haki yako iko, lakini inatoka fasi ingine, na inatembea na adabu.

Miguu yako iko wapi

Mbele ya kuwaza aparei, angalia chini. Kitu ya kwanza yenye itaamua kama uko na haki ao hauna ni udongo wenye unakanyanga.

Hapa bantu mingi banateleza. Sheria ya udongo ya 20/07/1973 inasema udongo wa hii inchi ni mali ya Leta. Mutu anasikia vile, anasema basi reli ni ya Leta, Leta ni shee wote, niko kwangu. Hapana. Leta iko na udongo yenye inaachia bantu wote, barabara, trotwari, na iko na udongo yenye inatia mu mikono ya kampuni ao ya serivisi fulani juu ifanye kazi yake. Ke ya gare, atelye, depo ya lokomotivi, fasi ya kupanga wagoni, na ule mustari wa udongo wenye reli imelala juu yake, bile byote biko mu mikono ya SNCC, na mwenye kusema ingia ao usiingie njo yeye.

Shida ni kama kwetu hakuna ukuta. Unakuta mama ametandika tomate na samaki pembeni kabisa ya reli, batoto ba masomo banakata reli asubui na mangaribi, mutu wa kinga anasukuma makala kati ya reli mbili, na hakuna mwenye anabasumbua. Unasema na mi niingie. Lakini kuvumiliwa haiko kuruhusiwa, na siku yenye utatosha aparei kubwa njo siku yenye watakumbuka kama ile fasi iko na mwenyewe. Mama wa tomate bamemuzoea, weye hapana.

Kwa hiyo simama nje. Ku barabara, ku trotwari, ku pasaje yenye reli inakata barabara lakini nyuma ya barye na usizibie motoka. Na iko fasi moya muzuri kupita zote yenye bantu banasahau: parseli ya mutu. Kama uko na ndugu, rafiki, mama mukwe, mwenye nyumba yake inaangalia reli, na eko na etaji, umulombe upande juu. Pale uko kwa mutu na ruhusa ya mwenye nyumba, hakuna wa kukuuliza mambo ya udongo, na foto ya kutoka juu inaonyesha treni yote vile inapinda. Peleka kitu kidogo, sukari ao mukate, hauendake kwa mutu mikono mitupu halafu unakaa saa mbili ku dirisha yake.

Na sasa treni yenyewe haiko peke mu foto, angalia nyuma yake kuko nini. Hii ni inchi yenye bantu banakamatwa juu ya foto za bintu bya ulinzi na bya serikali, mpaka Uingereza, Ufaransa na Marekani banaandikia raia babo banaokuja huku baache kupiga foto ya kambi ya basoda, uwanja wa ndege, mipaka na majengo ya Leta. Treni inaweza kuwa halali kabisa na foto yako ikakuletea matata juu nyuma ya wagoni kunaonekana soda na bunduki yake. Sakania usijaribu bila karatasi, pale treni inavuka mupaka, kila kitu kinaangaliwa mara mbili. Droni nayo, acha ku nyumba kama hauna ruhusa ya ba mambo ya anga. Droni juu ya reli yenye inabeba madini ni kuita ANR, serivisi ya upelelezi ya Leta, weye mwenyewe.

Katiba inasema nini

Katiba ya 18/02/2006, piga foto ya zile kurasa, ikae mu telefone yako, haina haja ya kubeba kitabu. Artikle 23 inakupatia uhuru wa kusema na kuonyesha mawazo yako, na pale imeandikwa maneno, maandiko na picha, kwa kuheshimu sheria na utulivu wa bantu. Artikle 17 inasema mutu hawezi kukamatwa ila kufwatana na sheria, na hawezi kushitakiwa juu ya kitu yenye haikuwa kosa wakati alikifanya. Artikle 18 njo ya kushika kabisa: ukikamatwa bakuelezee mara moya sababu, tena mu luga yenye unaelewa, kwa hiyo Kiswahili inatosha, na uko na haki ya kuita jamaa yako ao avoka, na kukufunga mbele ya kufikishwa kwa wenye mamlaka haipashwe kupita saa 48. Artikle 31 inalinda maisha yako ya siri na mawasiliano yako, ile njo inahusu WhatsApp yako wakati mutu anataka kufungua telefone.

Lakini haki ya artikle 23 haifungue mulango wa depo. Inalinda foto, haikupatie njia ya kuingia kwa mwenyewe. Changanya bile bintu mbili, umepoteza.

Mutu wa tenue akikuja

Jiweke mu nafasi yake kidogo. Yeye anachunga reli yenye kable ya shaba inaibwa, na bulon, na kila chuma yenye inaweza uzishwa mu mitrayi. Anaona mutu amesimama nusu saa, anaangalia juu ku waya, anasogea, anapima. Hata mi ningeuliza. Kwa hiyo usikimbie, usifiche aparei mu shati, na usiendelee kupiga wakati anakuja, acha ishuke ku kifua na umusalimie mbele yeye akusalimie. Mazungumzo yenye kuenda muzuri inakuwaka karibu vile:

— Kijana, unafanya nini pale?

— Jambo papa. Ninapiga foto ya treni, mi napenda sana mambo ya reli. Niko paka hapa ku barabara, sikuingia ndani.

— Nani alikupatia ruhusa?

— Papa, najua kuingia ndani njo inalomba ruhusa. Hapa nje nilizani hakuna shida. Kama fasi nimesimama inasumbua kazi yenu, unionyeshe nisimame wapi.

— Onyesha bile umepiga.

— Angalia papa. Hii lokomotivi. Hii wagoni. Hii nayo wagoni.

Angalia mambo tatu mu ile mazungumzo. Kwanza hakuna artikle, artikle zinabaki mu mufuko mpaka mambo ipande, juu ukianza na artikle 23 mbele ya mutu mwenye umri wa baba yako, anasikia kama unamuita mujinga mbele ya bantu. Pili, neno "papa". Kwa mulinzi muzee papa, kwa polisi shefu, kwa soda mukubwa, kama ni mwanamuke basi mama, na kama ni kijana wa rika yako muite yaya hata kama unamupita na mwaka moya. Tatu, foto unazionyesha weye, telefone inabaki mu mikono yako, unasukuma na kidole chako. Siku telefone inaingia mu mukono ya mutu mwingine, kuitosha pale ni kazi ingine.

Sheria haisemi umuonyeshe mulinzi foto zako. Mi naona tu kumuonyesha mbili tatu inamaliza mambo haraka kupita hotuba ya saa moya, na mara mingi mutu anaanza kukuelezea lokomotivi ile ilikuwa ya nani na iliharibikia wapi. Ba cheminot, bantu ba kazi ya reli, banapenda kazi yabo, hata kama mishahara imechelewa miezi na miezi, na mutu mwenye kuuliza muzuri anapataka hadisi ya bure. Ila usimupige yeye foto bila kumulomba, juu foto yake ikionekana na maneno mubaya chini yake, mukubwa wake atamuita yeye, hataita weye.

Akisema futa? Hapa chagula vita vyako. Kama uko inje, mulinzi wa kampuni hana mamlaka ya kukulazimisha kufuta kitu, lakini jua limeshuka, uko peke yako, na foto yenyewe ni wagoni ya tano ya siku. Futa, enda nyumbani. Telefone mingi inaweka foto mu kapu ya takataka karibu siku 30, na aparei yenye karte, ukiitosha palepale na usipige tena juu yake, programu ya kurudisha foto inaweza zipata. Lakini ukiwa umeingia ndani ya depo bila ruhusa halafu unakataa kufuta, pale sina cha kukusaidia.

Akisema twende ku biro, swali ni moya na ni la heshima: shefu, weye ni wa serivisi gani na tunaenda biro gani? Mulinzi wa kampuni, polisi wa kawaida na OPJ habako kitu moya. Mwenye kukuandikia PV, karatasi ya maelezo ya mambo yako, na kukuweka ndani ni OPJ, ofisiye wa polisi ya mahakama. Mbele ya kutembea, tuma ujumbe kwa mutu wa nyumba: niko na fulani, tunaenda fasi fulani. Ukifika usibishane ku mulango. PV usome yote mbele ya kusaini, kama wameandika "ndani ya reli" na ulikuwa ku barabara, lomba wakosowe mbele ya kalamu yako kugusa karatasi, juu ile neno moya njo tofauti ya kuwa na kosa ao kukosa kosa. Wakishika aparei, ilomba iandikwe mu PV ya sezi, na marke, na numero yake, na karte iko ndani ao haiko. Aparei yenye haikuandikwa haijulikane.

Halafu ile ya makuta. Utasikia "amande". Amande ya kweli iko na karatasi, note de perception, na feza inaingia banki ku konti ya Leta, haiingie mu mufuko wa shati. Uliza pole: shefu, nitalipia ku banki gani, nipatie karatasi niende. Mara mingi amande inapunguka yenyewe pale. Na ukumbuke kama mwenye kutoa rushwa naye sheria inamukamata, haiko paka mwenye kupokea.

Kama unataka ndani, andika

Kwa foto za telefone za kupitisha wakati, bile nimesema mbele inatosha. Lakini kama unataka ke, kabini ya mashinisti, atelye, ao kama unakuja na trepie na bantu ine na taa, hapana kutumaini huruma ya mulinzi. Andika barua ku direksyo ya SNCC. Sema weye nani, unataka kupiga nini, fasi gani, tarehe gani, mutakuwa bangapi, aparei gani, na foto zitaenda wapi, uzishwa ao hapana. Barua moya kurasa moya, usiandike historia ya maisha yako. Tosha kopi mbili: moya wanashika, ingine wanaigonga kashe na tarehe kama bamepokea, ile ya kashe njo mali yako hata mbele ya jibu kufika, lakini isikudanganye, kashe ya kupokea haiko ruhusa. Ruhusa ikitoka, tembea na orijinali na kopi, kopi njo unapana ku barye.

Siku yenyewe, mbele ya kutosha aparei, enda umusalimie shefu wa gare. Karatasi ya direksyo bila salamu ya shefu wa gare inaweza kukukalisha ku benchi mpaka treni ipite.

Kama uko na kazi ya gazeti, karte ya UNPC, chama ya bantu ba habari, na ordre de mission, barua ya kukutuma kazi, yenye siku na fasi zimeandikwa, bile njo bantu ba ku barye banajua kusoma. Ukiwa mupiga foto wa sanaa, usijifanye mwandishi wa habari, sema weye ni artiste, hii ni muji ya mupiga foto Sammy Baloji na ya Biennale ya sanaa, mambo ya foto za viwanda na za Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, bantu banaijua hapa, haiko kitu ya kujificha.

Reli haina huruma

Kipande hii yetu ya reli, kutoka hapa mpaka Kamina, ilifungwa waya za umeme za volti 25.000. Ile umeme haingoje uguse, inaruka. Usipandishe fimbo ya selfi karibu na waya, usipande juu ya wagoni imesimama, hata kwa dakika moya, hata kama batoto ba kartie banapanda. Flashi usiangazie mashinisti usiku. Na usirudi nyuma ukiangalia mu ekra, reli ya pili iko nyuma yako.

Bantu benye kupanda treni ya mizigo, juu ya wagoni, na miguu inaning'inia, ile foto kila mutu anaitaka. Mu mwezi wa 3 ya 2022, pale Buyofwe mu Lualaba, treni ya mizigo yenye ilikuwa imebeba bantu vile ilianguka, bakakufa 75. Ukiipiga ile foto, ipige kwa mbali, nyuso zisionekane, juu mutu ule eko juu pale hana tiketi na hana njia ingine ya kufika kwabo.

Kisha kupiga

Foto ni yako. Sheria ya 05/04/1986 ya haki za mutunzi inalinda kazi ya foto, na SOCODA njo kampuni ya ba mutunzi mu inchi. Kama ofisi ao kampuni inakulomba foto "juu ya kukusaidia ujulikane", andika mu mesaje tu, foto hii unaitumia fasi hii, kwa muda huu, kwa bei hii, na jina langu chini. Mesaje ya WhatsApp inatosha kuanza mazungumzo kama baadaye banakuruka.

Treni za shaba na kobalti, ngojea mbele ya kutangaza. Usiweke palepale saa na fasi wagoni zimesimama, juu kuko bantu bengine banaisoma kwa sababu yao, na siku kitu ikipotea mulinzi atakumbuka mutu wa aparei. Toa na fasi mu foto, telefone inaandikaka yenyewe ulikuwa wapi, iko mu reglaje ya kamera, izime mbele ya kutoka nyumbani.